Graviti ya mwanzo ikitoka chini: zidisha pointi kwa lita kabla ya kukimbilia sukari

MWENYE UZI (Kasarani)

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo nyote. Kuna swali linalorudi hapa kila baada ya wiki chache: mtu amepika bia yake nyumbani kwa kimea cha shayiri, ameyapoza maji ya kimea, ametumbukiza haidromita (kile kifaa cha kioo kinachoelea na kupima uzito wa maji) akitarajia kusoma 1.050, nayo ikazama hadi 1.040 au chini ya hapo. Akiuliza afanye nini, jibu la kwanza huwa aongeze sukari, na la pili huwa anunue kimea kingi zaidi mara ijayo. Majibu hayo yanaweza kuwa sahihi, lakini hutolewa kabla ya mtu yeyote kujua kama kuna kitu kilichopotea. Mimi niliyafuata kwa mapishi matatu mfululizo, nikaishia na bia nyembamba isiyokaa mdomoni, na kosa lenyewe lilikuwa mkononi mwangu muda wote huo. Naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, kwa sababu jambo hili lina hesabu kidogo, na bila hesabu hiyo tutaendelea kubahatisha.

Graviti ya mwanzo ni uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na uzito wa maji matupu ya ujazo uleule, kabla hamira haijaanza kazi. Maji matupu husoma 1.000. Kinachozidi hapo kwa sehemu kubwa ni sukari iliyotoka kwenye kimea, na ndiyo hamira itakayoila na kutoa kileo. Kipimo hiki kiliaminika kiasi kwamba Uingereza ilitoza ushuru wa bia kwa kukifuata tangu mwaka 1880 hadi mwaka 1993.

Tarakimu tatu zinazofuata nukta tunaziita pointi, kwa hiyo 1.050 ni pointi 50. Zidisha pointi kwa lita ulizo nazo: lita 20 za 1.050 ni 1,000. Hiyo 1,000 ndiyo sukari yako yote, na haibadiliki ukiongeza maji, wala haibadiliki maji yakipungua kwa kuchemka. Tuseme ulikusudia kupata lita 20, ukazubaa kidogo ukapata lita 23. Haidromita itasoma kati ya 1.043 na 1.044, nawe utaona kama umepata hasara, ilhali 23 mara 43.5 ni ileile 1,000. Hakuna sukari iliyopotea hata chembe; umeipa maji mengi mno. Mtu huyo akiongeza sukari ya dukani atakuwa anatibu ugonjwa asiokuwa nao, kwa kuwa alichohitaji ni kuyaacha maji yake jikoni dakika arobaini na tano hivi zaidi.

Kwa upande wa kimea, kilo moja ya kimea cheupe cha shayiri ina takriban 300 za namna hiyo (pointi mara lita), endapo wanga wote ungegeuka kuwa sukari na sukari yote ikatoka. Kilo 5 ni 1,500. Hakuna jiko la nyumbani linalozipata zote. Anayepata asilimia 65 hadi 75 anafanya vizuri. Basi ukiwa na kilo 5 ukapata jumla ya 1,000, umepata theluthi mbili, na hapo usilaumu kitu. Ukipata 750, umepata nusu, na hapo kuna kosa la kutafuta.

Lakini hata kabla ya hesabu hiyo, hakikisha kwamba namba mbili unazozizidisha ni za kweli. Haidromita nyingi zimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20 (zile za zamani ni 15.5), na hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kioo. Maji yakiwa moto huwa mepesi, na haidromita huzama zaidi. Kwa haidromita ya nyuzi 20, kwenye nyuzi 30 itakupunja karibu pointi 3, kwenye nyuzi 40 pointi 6, na kwenye nyuzi 60 pointi 15 nzima. Wapo waliotangaza msiba hapa kwa sababu walipima maji yaliyotoka jikoni sasa hivi. Chota kikombe kidogo, kikalishe ndani ya beseni la maji baridi hadi kipoe, ndipo upime. Wale mnaopika kwa ekstrakti ya kimea (maji ya kimea yaliyokwisha kukolezwa au kukaushwa kiwandani) na kujaliza ndoo kwa maji baridi mwishoni, koroga kwa nguvu kabla ya kuchota, kwa kuwa maji ya kimea mazito hutuama chini na mepesi hukaa juu. Kwa ekstrakti ni vigumu sana kukosa graviti ikiwa vipimo vya lita ni sahihi, na karibu kila mara somo la chini linatokana na kutokoroga.

Namba ya pili ni lita. Sufuria zetu nyingi zimetoka kwa mafundi wa Kamukunji, ni imara na bei yake ni nafuu, lakini hazina alama ndani. Mimi nilichukua mwiko mrefu wa mti, nikajaza sufuria lita moja moja kwa jagi la kupimia, na kila baada ya lita mbili nikausimamisha mwiko wima katikati na kukata alama kwa kisu pale maji yalipofika. Kazi hiyo ilinichukua nusu saa mwaka juzi, na hadi leo mwiko huo ndio kifaa ninachokitegemea kuliko vyote nilivyonunua kwa fedha nyingi.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu naamini ninalo pamoja na wengi wanaoishi nyanda za juu. Nilinunua kipimajoto cha sindano, nikataka kukikagua. Nilikitia kwenye maji yanayochemka, kikasoma 94.5. Tangu shule nilijua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo nikaamua kwamba kipimajoto kina upungufu, nikabandika kipande cha plasta kwenye mpini wake na kuandika kwa kalamu, “ongeza 5.5”. Tangu siku hiyo, nilipotaka kuloweka kimea kwa nyuzi 66, nilizima gesi sindano ilipofika 60.5. Nilipata lita 20 za 1.038 kutokana na kilo 5, yaani 760, nusu tu ya kilichokuwamo. Nikaongeza muda wa kuloweka, nikabadilisha kimea, nikaongeza sukari, na mara zote tatu hali ikawa ileile. Ni dada yangu, ambaye anafundisha fizikia katika shule ya upili, aliyekuja Jumamosi moja akaisoma ile plasta na kunikumbusha kwamba nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa huo, hewa yetu ni nyepesi, na maji huchemka kati ya nyuzi 94 na 95. Kipimajoto kilikuwa kizima. Mimi ndiye niliyekiharibu kwa plasta.

Ukitaka kukikagua kipimajoto chako hapa kwetu, ponda barafu, ijaze kwenye bilauri, tia maji kidogo, koroga, na usubiri. Kisome 0. Sifuri ya barafu ni ileile Limuru, Nairobi na Mombasa. Ukitaka kukagua na juu pia, linganisha na 94 na nusu, si 100.

Sababu ya nyuzi hizo chache kuleta hasara kubwa ni hii. Wanga wa shayiri umefungwa ndani ya chembe ndogo ngumu, na chembe hizo huvimba na kufunguka kati ya nyuzi 60 na 65. Vimeng'enya vya kimea, ambavyo ndivyo hukata wanga kuwa sukari, haviwezi kufanya kazi vizuri juu ya chembe ambayo haijafunguka. Kwenye 60.5 nilikuwa nimesimama mlangoni: sehemu ya wanga ilifunguka, nyingine ikabaki imefungwa hadi nilipomwaga machicha. Nilipoing'oa plasta na kuloweka kwa nyuzi 66 za kweli, kimea kilekile na saa ileile moja, nilipata lita 20 za 1.051. Hiyo ni 1,020, asilimia 68.

Kipimo cha kujua kama wanga umekwisha wengi wetu tulikifanya kidato cha kwanza: tone la ayodini ya duka la dawa kwenye tone la maji ya kimea juu ya sahani nyeupe. Rangi ikigeuka bluu iliyokolea hadi nyeusi, wanga bado upo, endelea kuloweka. Ikibaki ya kahawia, wanga umegeuka. Hakikisha umechota maji pasipo makapi, kwa kuwa makapi hugeuka meusi hata kazi ikiwa imekamilika, na umwage sampuli hiyo, usiirudishe sufuriani.

Nije kwa aliye na ndoo mbele yake sasa hivi na somo la chini. Aliyepima kabla ya kuchemsha ana nafasi nzuri kuliko wote. Lita 25 za 1.040 ni 1,000, na zikichemka hadi lita 20 zitakuwa 1.050 bila kuongeza chochote. Sufuria yangu pana hupoteza karibu lita 4 kwa saa. Yako ipime mwenyewe kwa maji matupu siku moja. Muhimu ni kwamba muda wa ziada uchemshwe kabla ya kutia hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), na hopsi zihesabiwe kutoka mwisho, la sivyo uchungu utazidi. Maji kuchemka kwa nyuzi 94 hakuyafanyi yapungue haraka; yanayopunguza maji ni moto na upana wa sufuria.

Aliyekwisha kuchemsha na kupoza ana njia mbili. Tuseme ana lita 20 za 1.042 na alitaka 1.050. Amepungukiwa na pointi 8 mara lita 20, yaani 160. Kilo moja ya sukari nyeupe ina takriban 384, na kilo moja ya ekstrakti kavu ya kimea ina takriban 365. Kwa hiyo anahitaji gramu 420 za sukari au gramu 440 za ekstrakti, zikichemshwa dakika kumi kwa maji machache na kupozwa kwanza. Kwa ekstrakti hakuna madhara yoyote, kwa kuwa ni maji ya kimea yaliyokaushwa. Kwa sukari kuna jambo la kuangalia: 160 kati ya 1,000 ni asilimia 16 ya chakula chote cha hamira, na sukari hii huliwa yote bila kuacha kitu mdomoni. Mimi sivuki asilimia 10. Ningetia gramu 250, nikafika 1.046 au 1.047, nikaacha hapo. Ikiwa hamira imekwisha kutiwa, bado inawezekana katika siku mbili za kwanza, mradi usafi uzingatiwe.

Njia nyingine ni kuacha. Lita zako za 1.042 zikimaliza kwenye 1.010 zitatoa bia ya asilimia 4.2 hivi, wakati ile ya 1.050 ikimaliza kwenye 1.012 ingetoa asilimia 5. Hiyo ni bia halali kabisa ya kunywa mchana. Kinachoiharibu ni uchungu uliopangiwa bia nzito zaidi. Ndiyo maana nasisitiza upime kabla ya kuchemsha: ukijua mapema kwamba utapata 42 badala ya 50 na huna la kuongeza, punguza hopsi za uchungu kwa uwiano huohuo, gramu 30 ziwe 25, na bia yako itakuwa na mizani yake.

MCHANGIAJI WA PILI (Umoja)

Ndugu mwenye uzi, ahsante kwa maelezo ya kina. Naomba msaada wako. Kwa kuwa kimea cha shayiri ni ghali, nilitumia kilo 3 za kimea na kilo 1 ya unga wa mahindi, nikaloweka vyote pamoja kwa nyuzi 66 kwa saa moja. Kipimajoto nimekikagua kwa barafu baada ya kusoma uzi wako, na ni kizima. Nilipata lita 18 za 1.036, nikiwa nimepoza vizuri. Unga ule ulikuwa mzuri, wa pakiti, wala haukuwa wa zamani. Nimekosea wapi?

MWENYE UZI (Kasarani)

Ndugu yangu wa Umoja, tuzidishe kwanza: 18 mara 36 ni 648. Kilo 3 za kimea zina 900, na 648 ni asilimia 72 ya hiyo. Maana yake ni kwamba kimea chako kilifanya kazi yake vizuri sana, na unga wa mahindi haukukupa karibu chochote. Ulitoka sufuriani kama ulivyoingia. Wanga wa mahindi hufunguka kwa joto kubwa kuliko wa shayiri, na sehemu yake kubwa haifunguki hadi nyuzi 70 na zaidi. Mtama ni mgumu hata kuliko hayo. Nafaka hizi lazima zipikwe kabla ya kukutana na kimea.

MCHANGIAJI WA TATU (Kangemi)

Vijana wangu, niongeze neno hapo, kwa sababu jambo hili mama yangu alilijua bila haidromita. Kwetu magharibi, anayetengeneza busaa haloweki unga wa mahindi mbichi na kimea. Unga hukandwa kwa maji, ukafunikwa siku kadhaa hadi uchachuke, kisha ukakaangwa juu ya bati pana kwenye moto wa kuni, ukigeuzwageuzwa hadi uwe wa kahawia na kunukia. Baada ya kupoa ndipo hutiwa maji na kimea cha wimbi. Nilipokuwa mtoto nilidhani kukaanga ni kwa ajili ya ladha tu. Siku moja kuni zilikuwa mbichi, bati halikushika moto vizuri, na unga ukabaki mweupe katikati. Busaa ile ilikaa siku zake zote na haikuwa tamu wala haikuwa kali. Ilikuwa maji ya unga. Mama alionja kwa kidole, akasema unga haukuiva, akawapa ng'ombe. Leo ndugu mwenye uzi amenieleza kilichokuwa kimetokea.

MWENYE UZI (Kasarani)

Shikamoo mzee wangu. Hakuna maelezo ambayo ningeweza kuandika yakawa wazi kuliko hayo ya bati na kuni mbichi.

Kwa ndugu wa Umoja, asiyetaka kukaanga anaweza kupika uji. Changanya ile kilo 1 ya unga na maji ya kutosha, uongeze gramu 150 hivi za kimea chako kilichoparazwa, pasha hadi nyuzi 70 na usubiri robo saa. Wazazi wanaowatengenezea watoto uji kwa unga wa kimea wanajua kinachotokea: uji mzito hulainika na kuwa mwepesi, na hapo hautashika chini ya sufuria. Baada ya hapo uchemshe nusu saa ukikoroga, kisha uache upoe kidogo kabla ya kuumimina kwenye kimea kilichobaki, ili mchanganyiko wote utulie kwenye nyuzi 66. Umimine kwa awamu na upime kila mara, kwa sababu uji wa moto ukizidi utaviua vimeng'enya, na vikifa havirudi. Ningekushauri pia utumie unga uliokobolewa. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta huua povu la bia.

MCHANGIAJI WA NNE (South B)

Naheshimu sana kazi iliyofanywa katika uzi huu, lakini naona mwenye uzi amepita mbali na suala ambalo kwa uzoefu wangu ndilo linaloongoza: namna kimea kinavyoparazwa. Watu wengi jijini hawana mashine ya roli, yaani ile ya magurudumu mawili yanayobana punje. Wanapeleka kimea kwenye kinu cha posho cha mtaani, ambacho hukigeuza kuwa unga mtupu, au wanakiponda kwa mashine ya mkono iliyolegezwa ili isichoshe, na nusu ya punje zinapita nzima. Punje nzima haitoi kitu hata ukiiloweka kwa nyuzi gani. Mimi huchukua konzi moja ya kimea kilichoparazwa na kukitandaza kwenye sahani nyeupe. Nikiona punje ambazo hazijaguswa, nakirudisha kwenye mashine. Na baada ya kazi, kabla ya kutupa machicha, natafuna punje kadhaa. Punje iliyotoa kila kitu huwa ganda laini tupu. Ukihisi kitu kigumu cheupe katikati kinachosagika kwenye meno kama chaki, hapo ndipo sukari yako ilipo.

MWENYE UZI (Kasarani)

Kaka, umenisahihisha kwa haki, na nakubali. Kosa langu lilikuwa la joto, kwa hiyo nimeandika zaidi juu ya joto. Jaribio la kutafuna machicha sikuwa nalijua, na nitalitumia. Kwa wenye roli, nafasi ya karibu milimita 1 kati ya magurudumu ni mahali pazuri pa kuanzia. Niongeze tu kwamba unga wa kinu cha posho si hasara kwa kila mtu: anayeloweka kimea ndani ya mfuko wa kitambaa anaweza kukisaga laini zaidi na akapata sukari nyingi zaidi, kwa kuwa anauinua mfuko na kuukamua. Anayechuja kupitia kwenye makapi yenyewe ndiye atakayekwama, kwa kuwa makapi yaliyosagika hayachuji, hushikana kama ugali.

MCHANGIAJI WA TANO (Lang'ata)

Hamjambo. Mimi natumia maji ya kisima cha mtaa wetu, yale yanayovutwa kwa pampu. Kimea kimeparazwa vizuri, nimekagua kwenye sahani. Joto ni 66, barafu inasoma 0. Natumia kilo 5 na napata lita 22 za 1.037. Ayodini yangu bado ni nyeusi baada ya saa moja, na hufifia baada ya saa moja na nusu. Nimenunua vikaratasi vya kupima pH, na mchanganyiko wangu wa kimea unasoma karibu 6. Nilijaribu kuyachemsha maji usiku uliotangulia ili yalainike, lakini sikuona tofauti.

MWENYE UZI (Kasarani)

Dada, umeleta swali likiwa limefanyiwa kazi yote, na jibu liko katika namba zako. Lita 22 mara 37 ni 814, asilimia 54. Vimeng'enya vya kimea hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 5.2 na 5.6. Kwenye 6 vinafanya kazi kwa uvivu, na ndiyo maana ayodini yako huchelewa kufifia. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini na hayasumbui, lakini visima vingi vya Nairobi vina bikaboneti nyingi ya sodiamu, na floraidi pia. Kuchemsha husaidia pale ambapo maji yana kalsiamu ya kutosha, kwa sababu bikaboneti hujifunga nayo na kutuama chini kama ukoko mweupe. Maji ya sodiamu hayana cha kutuamisha, na ukiyachemsha huzidi ubesi (kinyume cha asidi) badala ya kupungua. Kwa hiyo hukukosea kuchemsha. Maji yako ndiyo si ya namna hiyo.

Ningefanya hivi. Kwa maji ya kuloweka, tumia maji yaliyosafishwa ya mtungi wa lita 20, yale ya kuwekwa juu ya mashine ya maji ofisini, na uyatilie gramu 4 au 5 za jasi, kwa kuwa kalsiamu hushusha pH ya mchanganyiko na kuvisaidia vimeng'enya. Iwe jasi ya chakula, kama ile inayotumika kugandisha jibini la soya. Ya ujenzi usiiguse. Ukikosa jasi, asidi ya laktiki ya chakula inatosha: tone kwa tone, koroga, subiri dakika tano, pima tena, na usimame ukifika 5.5. Maji ya kusuuzia machicha nayo yana ubesi uleule, kwa hiyo yatilie asidi kidogo pia, la sivyo yatanyonya ukakasi kutoka kwenye makapi. Je, unasuuza vipi?

MCHANGIAJI WA TANO (Lang'ata)

Namimina maji yote ya moto kwa mara moja, nakoroga mara chache, nafungua koki.

MWENYE UZI (Kasarani)

Gawanya mara mbili. Nusu ya kwanza imimine, koroga hadi chini kabisa, acha dakika kumi, ndipo ufungue koki polepole. Kisha nusu ya pili vivyo hivyo. Maji yasizidi nyuzi 77. Sukari hushikwa na machicha kama nguo inavyoshika sabuni, na kila anayefua anajua kwamba maji ya beseni mbili hutoa sabuni kuliko maji yaleyale yakiwa kwenye beseni moja. Ukipima yanayotoka mwishoni na kukuta yako chini ya 1.010, simama, kwa kuwa kinachofuata ni ukakasi tu.

MCHANGIAJI WA TANO (Lang'ata)

Narejea na matokeo ya Jumapili. Nilitumia mitungi miwili ya maji yaliyosafishwa, gramu 5 za jasi, na matone machache ya asidi. Mchanganyiko ulisoma 5.5. Ayodini ilibaki ya kahawia baada ya dakika 50. Nilisuuza mara mbili kama ulivyoelekeza, nikatafuna machicha kama kaka wa South B alivyosema, na yalikuwa maganda matupu. Nimepata lita 22 za 1.046, nikiwa nimepoza kikombe hadi nyuzi 20.

MWENYE UZI (Kasarani)

Hongera sana, dada. 22 mara 46 ni 1,012, kutoka kilo zilezile 5. Kama bado unataka 1.050 kamili, mara ijayo chemsha hadi lita 20 na usiongeze kitu. Hopsi zako zitie zikiwa zimebaki dakika 60, na utuandikie hapa lita zilizopungua kwa saa katika sufuria yako, ili tuwe na namba ya kulinganisha na ile yangu ya lita 4.